Tandika Mkeka, Achana na Kigari

Kabla hujatoa pesa kununua kigari cha kumfundishia mtoto kutembea, tandika mkeka. Kigari humshikilia asianguke, kwa hiyo mgongo na miguu havijifunzi kumbeba. Tena humfikisha haraka kwenye jiko la mkaa. Kanada ilipiga marufuku vigari hivi mwaka 2004.

Mkekani afanye nini? Mtoto mchanga mlaze kifudifudi akiwa macho nawe upo, dakika chache chache mpaka jumla ifike 30 kwa siku. Hapo shingo na mabega hukomaa. Akilia, jilaze chini umtazame usoni. Wakati wa kulala mrudishe chali.

Akianza kutambaa, viringisha mbele yake kopo lenye mahindi ndani, lililofungwa sawasawa. Atalifuata.

Anayetembea anahitaji mwendo kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 180 kwa siku, kuanzia mwaka 1 hadi 4. Usishtuke, si kwa mkupuo. Kufukuza kuku kumo, na kwenda dukani kwa miguu badala ya kubebwa mgongoni kumo pia, hata kama mtachelewa.

Kuanzia miaka 4 hivi, mfundishe mchezo wa rede. Jaza vitambaa kwenye soksi kuukuu, ifunge kwa uzi, mpira tayari bila kutoa hata shilingi. Wawili warushe, mmoja katikati akwepe. Anayerusha anatumia bega na kiuno; anayekwepa anajifunza kugeuka ghafla bila kuanguka. Walio wadogo wasogezee mstari wa kurushia. Wavulana hudai rede ni ya wasichana, nao ndio wanaopata hasara. Kamba nayo ina hatua zake: ilaze chini kwanza, mtoto airuke, kisha inyanyue mpaka usawa wa kifundo cha mguu. Kuizungusha baadaye.

Na asipotembea? Watoto hupishana sana. Wapo wanaoanza na miezi 9, wengine 17. Akifikisha miezi 18 bado, au upande mmoja wa mwili ni mlegevu, au ameacha jambo alilokuwa akiliweza, chukua kadi yake uende kliniki ya mama na mtoto. Usingoje siku ya kupima uzito. Kwa sera ya Tanzania, watoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali.