Kabla ya Kusema Bibi Amezeeka

Bibi mwenye baridi yabisi akianza kuuliza swali lilelile mara tatu, nyumbani husemwa, "Ni uzee tu." Huenda. Lakini kwanza muulizeni usiku analalaje, na anakunywa dawa gani.

Tunazungumzia baridi yabisi ya rumatoidi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Kwa kawaida huanzia vidoleni na kwenye vifundo vya mikono, mikono yote miwili, na asubuhi viungo hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa.

Maumivu yanayodumu miezi zaidi ya 3 hula umakini. Anayeugulia vidole hasikii vizuri habari ya ada ya mjukuu, na kesho tunamlaumu kwa kusahau jambo ambalo halikumwingia hata siku ile. Kukosa usingizi, sonona na upungufu wa damu huzidisha hali hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mfuko wa dawa. Amitriptilini, tramadoli na vidonge vya mafua vinavyosinzisha vinaweza kumchanganya mzee akili, hata kumwangusha. Diklofenaki inayonunuliwa kiholela hudhuru figo na kutoboa tumbo. Prednisoloni huvuruga usingizi na hisia, lakini aliyeizoea asiiache ghafla, ni hatari. Methotreksati ya ugonjwa huu hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kunaweza kuua, kwa hiyo andikeni siku yake juu ya kopo kwa herufi kubwa.

Siku ya kliniki bebeni dawa zote, za mitishamba zikiwemo, na mwelezeni daktari usahaulifu ulianza lini. Ombeni aangalie wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, shinikizo la damu na masikio. Ulizeni pia kama bibi anapata dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, maana za maumivu pekee haziokoi viungo. Nyumbani, maji ya uvuguvugu asubuhi na matembezi mafupi humsaidia.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msisubiri kliniki: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi, na kwa mzee anayetumia dawa za kushusha kinga, homa inaweza isionekane kabisa.