Vigawo, Vigawe na Namba Tasa: Anza na Visoda

Mtoto akikuletea daftari la hisabati na kukuuliza vigawo vya 24, usimtajie jibu. Mpe visoda 24, akae mkekani, avipange mistari iliyo sawa bila kubakiza hata kimoja. Kila mpango atakaoupata ni jibu. Mmoja keshauona dukani: kreti ya soda ina chupa 24, sita kwa nne.

Kwanza mtenganishie maneno mawili yanayowachanganya wengi. Lugha yetu yenyewe inasaidia. Kizibo huziba, kifuniko hufunika. Vivyo hivyo kigawo hugawanya. Kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa. Vivyo hivyo kigawe hugawanywa. Basi 6 ni kigawo cha 24, na 24 ni kigawe cha 6.

Tafuta vigawo kwa jozi

Vigawo hutembea viwiliviwili. Anza na 1, panda taratibu, na kila kigawo kiandike na mwenzake:

1 × 24
2 × 12
3 × 8
4 × 6

Tano haigawanyi 24 bila baki. Isitoshe, 5 × 5 ni 25, imeshapita 24. Hapo simama. Ukiendelea utakutana na 6 × 4, jozi ileile iliyogeuzwa. Vigawo ni vinane: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Anayeokota namba ovyoovyo husahau 8 au 12. Anayekwenda kwa jozi hasahau.

Pima kabla ya kugawanya

- Namba ikiishia na 0, 2, 4, 6 au 8, inagawanyika kwa 2.
- Ikiishia na 0 au 5, inagawanyika kwa 5.
- Jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3. Mfano ni 87: 8 + 7 = 15, kwa hiyo inagawanyika.

Kwa 7, gawanya tu. Ndiyo njia ya uhakika.

Tambua namba tasa

Namba tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Moja si tasa, kwa kuwa ina kigawo kimoja. Mbili ni tasa, na ndiyo shufwa pekee iliyo tasa.

Ili kujua kama namba ni tasa, ijaribu kwa namba tasa ndogo tu: 2, 3, 5, 7, na kuendelea. Ukifika kwenye ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaipita namba yako, acha. Kwa namba yoyote chini ya 100, majaribio manne yanatosha, kwa sababu 11 × 11 ni 121.

Chukua 91. Si shufwa, jumla ya tarakimu zake ni 10, wala haiishii na 0 au 5. Wengi huishia hapo na kuandika "tasa". Wamekosea: 7 × 13 = 91. Sasa chukua 97. Kwa 2, 3 na 5 haigawanyiki. Kwa 7 inabaki 6. Hiyo ni tasa kweli.

Ukizitaka namba tasa zote chini ya 100 kwa pamoja, tumia chekeche la Eratosthenes, mtaalamu aliyezaliwa Kurene, Libya ya leo, akasimamia maktaba ya Alexandria nchini Misri. Andika 2 hadi 100. Acha 2, futa vigawe vyake vingine vyote. Fanya hivyo kwa 3, 5 na 7. Zitabaki 25, zote tasa.

Vigawe vina kazi nyumbani

Mgonjwa anameza dawa moja kila baada ya saa 6 na nyingine kila baada ya saa 8. Ameanza zote saa moja asubuhi. Zitakutana tena lini? Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, 24. Vya 8 ni 8, 16, 24. Zitakutana baada ya saa 24, yaani kesho saa moja asubuhi. Hiyo 24 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika cha 6 na 8, KDS ya darasani.

Jioni hii mwongezee mtoto zoezi moja: ondoa kisoda kimoja, vibaki 23, na umwachie avipange mwenyewe bila kumsaidia. Atavigeuza kila namna, na mwisho atakuja kukwambia kuwa havikubali ila mstari mmoja mrefu. Ndipo umwambie kuwa namba ya aina hiyo huitwa tasa.