SOMO: ACHA SIGARA, LAKINI USIACHE PEKE YAKO

Ndugu mvuvi wa Kibirizi na Ujiji, usiku wa dagaa ni mrefu, na baridi ya ziwa huita sigara. Nikotini ndiyo inayokufunga. Hamu huja kwa nguvu, lakini dakika chache tu inapita!

1. Chagua siku, waambie wenzako wa mtumbwi. Pakiti ibaki nchi kavu.
2. Hamu ikija, mwite mwenzako. Kunywa maji, shika kazi.
3. Ukianguka, mwambie siku hiyo hiyo. Asikucheke, akuinue (soma Mhubiri 4:9-10).

Masaa 12 bila sigara, gesi ya sumu ya moshi imeshapungua damuni. Mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara inashuka karibu nusu.

Je, mwenzako ni nani? Mwambie leo, kabla taa hazijawashwa ziwani.