Kabla ya Kugeuka: Mahali pa Gari Kwenye Makutano

Kila aliyefanya mtihani wa udereva nchini Kenya anaukumbuka ubao wa mji wa mfano: barabara zilizochorwa, raundabauti, na kigari kidogo ambacho mtahiniwa hukisogeza huku akiulizwa anakwenda wapi. Ubaoni hakuna bodaboda inayopenya wala lori linalopiga honi nyuma. Barabarani wapo, na hapo ndipo somo lile husahauliwa.

Somo lenyewe ni fupi. Gari likiwa mahali pake kabla ya kona, kila aliye karibu huelewa linakokwenda. Likiwa mahali pasipo pake, hata indiketa ikiwaka, wengine hubaki kubahatisha. Aliye hatarini zaidi ni yule asiye na bodi ya gari ya kumkinga: mwendesha baiskeli, abiria wa bodaboda, mtoto anayevuka kwenda shule.

Mfano ambao wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wanaujua ni makutano ya Gede, ambapo barabara ya Watamu inaungana na barabara kuu ya Mombasa–Malindi.

Kugeuka kushoto

Dereva anayetoka Malindi kwenda Watamu hugeuka kushoto. Mapema kabla ya kufika, anapaswa kuangalia kioo cha ndani na cha kushoto, kuwasha indiketa, kupunguza mwendo na kukaa karibu na ukingo wa kushoto wa lami. Akiacha nafasi pana upande huo, bodaboda itaingia humo, na gari likikunja litaikatia njia. Ndiyo maana kioo cha kushoto huangaliwa tena, na kichwa kugeuzwa kidogo, kabla tu ya kuzungusha usukani. Kuna sehemu ambayo kioo hakiionyeshi.

Kosa la kawaida ni kupeleka gari kulia kwanza ili "kupanua kona". Gari dogo halihitaji kufanya hivyo. Aliye nyuma hudhani linakwenda kulia, hupita kushoto, na wawili hao hukutana kwenye kona.

Malori marefu ndiyo hulazimika kupanua, kwa sababu magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi ya kona kuliko ya mbele. Kwa hivyo mwendesha bodaboda, tuktuk au baiskeli hapaswi kujipenyeza kushoto kwa lori linaloonyesha kwamba linageuka kushoto, hata akiona nafasi ni kubwa. Nafasi hiyo hujifunga lori linapokunja.

Kugeuka kulia

Anayetoka Kilifi mjini kwenda Watamu hugeuka kulia. Kona hii ni ngumu zaidi, kwa kuwa lazima akate njia ya magari yanayotoka Malindi. Hatua zake ni hizi:

1. Aangalie kioo cha ndani na cha kulia, kisha awashe indiketa mapema. Huenda kuna gari ambalo tayari limeanza kumpita.

2. Asogee taratibu hadi karibu na mstari wa katikati, bila kuukanyaga. Barabara ikiwa pana, wanaonyoosha wataweza kupita kushoto kwake.

3. Akilazimika kusubiri, magurudumu ya mbele yabaki yamenyooka. Gari likigongwa kwa nyuma huku magurudumu yamekunjwa kulia, husukumwa moja kwa moja mbele ya magari yanayokuja.

4. Awapishe wanaotoka mbele, maana wao ndio wenye haki ya njia. Hata dereva mmoja akimwashia taa kumruhusu, atazame kwanza kama kuna bodaboda inayolipita gari hilo.

5. Akunje anapofika usawa wa katikati ya barabara ya Watamu, kisha aingie upande wake wa kushoto. Anayekata kona mapema huingia upande wa anayetoka Watamu, wakakutana uso kwa uso.

Dereva akiona gari la nyuma linakuja kwa kasi na halionyeshi dalili ya kupunguza mwendo, si lazima ageuke hapo. Ni afadhali aendelee mbele, atafute mahali salama pa kugeuza gari, kisha arudi. Atapoteza dakika chache tu.

Kuingia barabara kuu

Anayetoka Watamu husimama kabla ya kuingia barabara kuu. Akielekea Mombasa hukaa kushoto. Akielekea Malindi hukaa karibu na mstari wa katikati wa barabara aliyomo, bila kuziba njia ya wanaoingia. Hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu magari ya kwanza kumfikia hutoka kulia.

Katika kona zote, mtu aliyekwisha kuanza kuvuka barabara ambayo gari linaingia apewe nafasi amalize. Na katika miji na vituo vya biashara, sheria ya Kenya inaweka kikomo cha mwendo cha kilomita 50 kwa saa. Kwenye kona, mwendo huwa chini zaidi ya hapo.

Raundabauti

Kanuni haibadiliki. Kwenye raundabauti ya njia mbili, na pasipo na alama inayoelekeza vingine, anayegeuka kushoto hushika njia ya kushoto. Anayekwenda kulia hushika njia ya kulia, na huonyesha indiketa ya kushoto baada ya kupita njia ya kutokea iliyo kabla ya yake. Anayeingia huwapisha walio ndani wanaotoka kulia kwake.

Jipime

Swali: Dereva amewasha indiketa ya kulia lakini gari liko ukingo wa kushoto. Aliye nyuma afanye nini?
Jibu: Apunguze mwendo na asimpite upande wowote mpaka nia yake ijulikane.

Swali: Dereva amegundua kwamba yuko njia ya kushoto ilhali alitaka kugeuka kulia, na makutano yako mita chache mbele. Afanye nini?
Jibu: Aendelee na njia aliyomo na atafute pa kugeuzia mbele. Asikate ghafla mbele ya wengine.