KUCHAGUA PAMPU YA BEI NAFUU KWA MAJI YA BUSTANI

Huko Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, msimu wa mvua hufuatwa na kiangazi kirefu. Mwenye bustani aliyekinga maji katika tangi la chini ya ardhi au katika lambo huwa na akiba isiyoongezeka mpaka mvua irudi. Akikosea kuchagua pampu, hupoteza fedha na pengine maji yenyewe. Katika makala haya tutaonyesha jinsi fizikia ya sekondari inavyoweza kumsaidia.

1. Je, pampu inahitajika?

Ikiwa maji ya tangi yako juu kuliko bustani, pampu haihitajiki. Mpira uliojazwa maji kwanza, kisha ukapitishwa juu ya ukingo wa tangi na mwisho wake kulazwa bustanini, utayatiririsha bila gharama. Huo ndio mrija wa sifoni. Pampu ni ya lazima pale tu maji yanapokuwa chini kuliko mimea.

2. Ni maji kiasi gani, na yapande meta ngapi?

Tuchukulie bustani ya mchicha yenye meta za mraba 100, inayohitaji milimeta 5 za maji kwa siku. Hizo ni lita 500, yaani kilo 500. Kazi ya kuyainua meta 4 ni:

500 × 9.8 × 4 = jouli 19,600

Mtu mwenye afya huweza kukanyaga pampu kwa wati 60 hivi. Tukikadiria kuwa nusu hupotea kwa msuguano, hubaki wati 30. Basi 19,600 ÷ 30 ni sekunde 653, kiasi cha dakika 11. Kazi hii haidai injini. Pampu ya petroli yenye bomba la inchi 2 huweza kutoa lita 500 kwa dakika. Ikisahauliwa kwa dakika 20 tu, tangi la lita 10,000 litakuwa tupu na matuta yamechimbuliwa.

3. Pampu huvutaje maji?

Kwa hakika pampu haivuti. Hupunguza kanieneo ndani ya bomba, na kanieneo ya angahewa huyasukuma maji yapande. Penye usawa wa bahari hayawezi kupanda zaidi ya meta 10.3. Shinyanga iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,100, na kanieneo ya hewa ni kiasi cha kilopaskali 88. Hivyo kikomo ni meta 9. Kwa sababu ya msuguano na hewa inayopenya viungoni, tusitegemee zaidi ya meta 6 au 7.

Kanuni hiyo huwahusu pia wachimbaji wadogo wa Geita. Shimo la meta 20 haliwezi kukaushwa kwa pampu ya kuvuta iliyowekwa juu, hata injini iwe kubwa namna gani. Wala injini ya petroli isishushwe shimoni: moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Hapo hufaa pampu ya umeme ya kuzamishwa, ambayo husukuma maji kutoka chini.

4. Pampu zipi ni nafuu?

Pampu ya kukanyaga ina silinda mbili na pistoni mbili zinazopokezana. Ilibuniwa Bangladesh, na nchini Kenya ilianza kuuzwa mwaka 1996 kwa jina la MoneyMaker. Hufaa kwa kina kisichozidi meta 6 au 7. Pampu ya kamba hutumia gurudumu, bomba la plastiki, na kamba yenye vizibo vya mpira vinavyopandisha maji. Kwa kuwa haitegemei angahewa, hufaa pia kwa visima virefu zaidi, na fundi wa kijijini huweza kuitengeneza.

Mnunuzi asisahau mpira. Kwa mtiririko uleule, kupunguza kipenyo kwa nusu huongeza upotevu wa msuguano takriban mara 32. Mpira mwembamba huifanya pampu nzuri ionekane mbovu.

Jaribio

Pimeni kimo kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa mpira. Jazeni ndoo ya lita 20 kwa pampu mliyo nayo huku mkihesabu sekunde. Zidisheni 20 × 9.8 × kimo, kisha gawanyeni kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zilizofika majini. Linganisheni wanafunzi watatu, kisha mwelekeze mwenye bustani jirani: yeye anahitaji wati ngapi?