Andika Saa Zako, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, wengi mnaoniandikia mnaanza na neno moja: nimechoka. Kazi ipo, watoto wanasoma, ndoa haina ugomvi wa kutisha, lakini mtu analala amechoka na kuamka amechoka, wala hajui hasa kinachommaliza ni kipi. Kisha mnaniuliza, "Dada, nipunguze nini?" Siwezi kukujibu, kwa sababu sijui saa zako zinakwenda wapi. Na nina hakika hata wewe hujui. Unadhani tu kwamba unajua.

Kwa hiyo leo sitakwambia ujipende zaidi, wala sitakutuma ufukweni. Nataka ununue daftari la shule, lile la bei ya chini kabisa, uandike saa zako kwa wiki moja.

Wiki ina saa 168, ya tajiri na ya maskini. Gawa kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza: nimefanya nini. Ya pili: nani ameniomba. Ya tatu: moyo ulikuwaje, weka alama ya kujumlisha au ya kutoa, inatosha. Anza pale ulipoamka, hata kama ni saa kumi alfajiri, na uandike mara tatu au nne kwa siku, maana ukingoja usiku utakuwa umesahau nusu, na utaandika siku uliyotamani badala ya siku uliyoishi. Usiandikie kwenye simu. Ukiifungua tu utakutana na ujumbe wa kundi la familia, wa kamati ya harusi na wa kikoba, na zoezi limeishia hapo.

Siku mbili za kwanza utaona ni kazi bure. Vumilia. Katikati ya wiki hesabu zinaanza kusema. Mchukue dada anayekaa Mbagala na kibarua chake kiko Posta. Kama foleni inamla saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku sita, hizo ni saa 24. Siku nzima na usiku wake vimeishia kwenye daladala, tena pengine amesimama. Halafu Jumapili mchana akisinzia huku anakunja nguo anajiita mvivu! Ukiona hesabu yako iko hivyo, acha kujitafutia kasoro ya tabia. Una tatizo la barabara, nalo linatafutiwa dawa nyingine: kuomba zamu ya mapema, kuhama nyumba mkataba ukiisha, au kukubali kwamba mwaka huu hutaongeza jukumu lolote jipya.

Sasa safu ya pili, ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo lote. Nani ameniomba? Kumpikia uji mama mkwe: ameomba mume. Kufuatilia ahadi za michango ya sendofu ya binti wa jirani: ameomba mwenyekiti wa kamati. Kumalizia taarifa ya mwenzako wa ofisini: ameomba bosi. Kupiga pasi hadi fulana za kulalia watoto, saa tano usiku: hakuna aliyeomba. Umejipa mwenyewe, kwa kuwa ndivyo ulivyomwona mama yako akifanya. Hiyo ya mwisho, kama ina alama ya kutoa, iache kesho. Hakuna atakayekudai.

Ila kuna mistari mingine ambayo hakuna aliyeomba, na moyo una alama ya kujumlisha. Mazoezi ya kwaya ya Alhamisi. Tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Nusu saa na shoga yako wa tangu shule. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wanawake wengi wanapojiumiza. Tukibanwa, cha kwanza kukatwa ni hiki. Hatukikati kwa kuwa hakina maana. Tunakikata kwa kuwa hakina mlalamikaji. Mume hatauliza mbona umeacha kwaya. Bosi hajui kama una mchicha. Kwa hiyo tunabaki na yale yenye wadai tu, wiki baada ya wiki, kisha tunashangaa furaha imepotelea wapi. Weka duara kwenye mistari hiyo kwa kalamu nyekundu. Utakapoanza kupunguza, hiyo haiguswi.

Kuna zana nyingine mtaoneshwa kwenye semina: duara lililogawanywa vipande, kazi, afya, familia, fedha, imani, kila kipande ukipe alama hadi kumi. Wanaolieleza humtaja Paul J. Meyer, Mmarekani aliyelieneza tangu miaka ya 1960. Halina ubaya, lakini mimi silipendi sana. Linakufanya uone kwamba duara zuri ni lile lenye vipande sawa. Mwenye mtoto wa miezi mitatu maisha yake hayawezi kuwa duara, na hana kosa lolote. Anayeuguza mzazi vivyo hivyo. Kipindi kimoja cha maisha kinaweza kuegemea upande mmoja kabisa na bado kikawa sahihi, ilimradi unajua kwa nini umeegemea huko na unajua lini utarudi.

Wapo ambao uchovu wao haumo kwenye saa. Daftari linaonesha nafasi, ila kifua bado kizito. Kwa hao nina zoezi lingine. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi wa chuo kikuu: dakika 15 za kuandika, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza sana. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Nawaambia hilo mapema ili usiogope ukilia siku ya kwanza, na usichague usiku ule ambao kesho yake una usaili. Kama nyumba ina macho mengi, andika kwenye karatasi, kisha uichane vipandevipande. Faida iko kwenye kuandika, si kwenye kutunza.

Na asije mtu akawaambia haya ni mambo ya kigeni. Waislamu wana muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake. Al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, amebeba jina hilo kwa sababu ya kazi hiyo. Wakatoliki wanaofuata njia ya Ignatius wa Loyola huipitia siku yao kwa sala kila jioni, na kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilichapishwa mwaka 1548. Kama tayari una wakati wa namna hiyo baada ya Isha au kabla ya kulala, daftari lako liweke hapo hapo.

Wiki ikiisha kuna kazi ngumu: kusema. Daftari likibaki chini ya godoro, umejiongezea shughuli moja tu juu ya nyingine. Mume mwoneshe akiwa ameshakula, si akiwa anatazama mpira. "Baba Fulani, naomba tuangalie hizi saa pamoja," kisha nyamaza umwache asome. Usianze na wewe hufanyi, wewe hujali. Kwa bosi nenda na sheria. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku. Zinazozidi ni za makubaliano, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Wenzetu wa Kenya wana siku 21 za kazi kwa sheria ya 2007. Wangapi kati yenu mmeimaliza ya mwaka jana?

Nalisema hili kwa uchungu kidogo: sheria hiyo ya Tanzania inamhusu pia binti anayekusaidia nyumbani. Ukimtwika yeye saa zako zote, aamke saa kumi na alale saa sita, hujapata nafuu kwa haki. Mpe daftari naye.

Kama usingizi, hamu ya kula na hamu ya watu vimekutoka zaidi ya wiki mbili, weka daftari pembeni uende hospitali ukamwone daktari. Hospitali za rufaa zina kitengo cha afya ya akili. Unaweza kumwomba dada au rafiki akusindikize.

Wengine, anzeni Jumatano, maana Jumatatu huwa na mbio zake. Na Baba Fulani akikubali kuandika lake wiki hiyohiyo, msichunguliane kabla siku saba hazijatimia.