KIJIJI KINAISHA NAMNA GANI?



Katika jiografia tunasoma kwamba watu wanaacha milima juu ya baridi, umbali na kukosa kazi. Ni kweli, lakini kwa Bijombo haitoshi. Sisi wa darasa la sita tuliuliza wazee wa kutoka kule, na tunapenda kuwaeleza tulichosikia.

Bijombo ni grupema ya sheferi ya Bavira, teritware ya Uvira. Unatoka kando ya ziwa, mita karibu 770, unapanda mpaka unapita mita 2,000. Kule juu mihogo na ndizi hazipendi baridi; maharagi na viazi vinakubali, na majani ya ng'ombe ni mengi. Shikeni neno hili, maana ni mzizi wa somo. Mnyamulenge mwenye ng'ombe alihitaji unga wa mihogo wa Mfuliiru na wa Mnyindu. Wale nao walihitaji maziwa, nyama, na ng'ombe wa mahari. Waligombana pia, hasa ng'ombe wakiingia shambani. Wazee walikaa, wakakata maneno. Hatusemi ilikuwa paradiso.

Siku ya Mungu ilikuwa vile vile. Waprotestanti waliunganishwa mwaka 1970 katika Kanisa la Kristo, jumuiya zikapewa namba, basi huyu ni wa 5, huyu ni wa 8, kama nyumba za mjini! Wakatoliki walikuwa na katekista wao, padri alifika mara chache. Lakini kwenye kilio hakuna aliyeuliza namba. Wa misa na wa korali walichimba kaburi pamoja.

Kwanza walitoka vijana, kutafuta shule na kazi Uvira, Bukavu, Bujumbura. Hiyo haiui kijiji: kijana anatuma chumvi na sabuni, anarudi kuoa. Vita vya 1996 na 1998 vilitikisa. Halafu tangu 2017, zaidi sana 2018, mapigano ya vikundi vya silaha yalichoma vijiji vingi vya Bijombo, ng'ombe wakanyang'anywa, watu wakakimbia kila mmoja upande wa watu wake.

Sasa tazameni. Jirani akikimbia, hata yule aliyebaki hakai. Mihogo yake ataiuza kwa nani? Soko linakuwa la lugha moja, wote wamebeba maharagi. Mwalimu anabaki na watoto wawili watatu, shule inafungwa. Kanisa linabaki na watu watano, halafu mabati yanaondolewa usiku. Hivi ndivyo kijiji kinaisha: nusu inafukuzwa, nusu ingine inaondoka yenyewe.

Tena iko hatari ingine. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya 2018 hakuona soko lile. Akiambiwa kijiji kilikuwa cha watu wake peke yao, anaamini. Siku ya kurudi atakuja na hesabu hiyo, na mwenzake atakuja na yake.

Kwa hiyo iko kazi. Kila mwanafunzi wa kutoka milimani achore kijiji chake: kanisa, shapeli, shule, mto, soko, njia ya ng'ombe. Aandike nani alilima wapi, nani alisali wapi, lugha zote. Asiyejua aulize nyumbani. Wa kijiji kimoja lakini lugha mbili wakae benchi moja, walinganishe. Ramani zikipishana msifute kitu, mtuletee zote mbili kabla ya Ijumaa.